Bi. Mwanamina Kibwana: Mtunzi Aliyeandikwa Mhudumu

Tarehe 30 Juni 2004 Bi. Mwanamina Kibwana anatimiza miaka kumi na saba kamili katika ukumbi wetu mdogo wa dansi ya kisasa hapa Kibiti, na anastaafu. Aliajiriwa Julai 1987, ghala la korosho la chama cha ushirika lilipobaki tupu na mkurugenzi wetu, Mwalimu Elinipendo, akalikodi na kuligeuza jukwaa. Viti 140. Kazi ya Bi. Mwanamina: mhudumu wa usafi.

Mwaka 1991 Mwalimu alitunga dansi ya kuamia mpunga, yaani kulinda shamba lisiliwe na ndege. Wiki tatu wachezaji wakarukaruka. Bi. Mwanamina, mzaliwa wa Mbuchi, kijiji cha kando ya mto, aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga, akaegemea ufagio: "Mwalimu, kwa mlinzi huyu mpunga umekwisha. Mwenye kuamia hachezi. Anakaa kimya, anashtuka, anakaa tena." Akaambiwa aonyeshe. Akaonyesha mlinzi, akaonyesha na ndege. Dansi nzima ikabadilika siku hiyo.

Onyesho la kwanza tulilipeleka Mbuchi, watazamaji 412. Wachezaji-ndege walipotua, akina mama watatu wa mbele wakainuka na madongo. "Hoo! Tokeni! Mtatumaliza nyie!" Dongo moja likampata mchezaji wetu Imani begani. Tulisimama dakika sita. Mwalimu alitaka kukifuta kipande kile. "Usifute," Bi. Mwanamina akamwambia. "Wakikaa kimya ndiyo ujue tumekosea." Tangu hapo watazamaji wameachiwa nafasi ya kufukuza ndege. Madongo tu ndiyo tunayakusanya mlangoni.

Ametunga dansi tisa kati ya kumi na nne za ukumbi huu. Programu zimechapwa mara 23. Jina lake halimo hata mara moja. La mwenye jenereta limo mara 19.

Mei ikatoka barua ya kustaafu: mhudumu wa usafi. Watumishi kumi na wawili, yaani wote waliobaki, tulisaini kuirudisha. Ikaja ya pili: mtunzi msaidizi. Nayo tukairudisha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kututajia mtunzi anayesaidiwa. Bi. Mwanamina alituonya: "Wanangu, acheni, mtafukuzwa wote kwa ajili ya neno moja." Neno moja, miaka kumi na mitatu.

Juni 21 Mwalimu alisimama mbele yetu sote akaisoma ya tatu: mtunzi mkuu wa dansi. Akaomba radhi. Imepokelewa.

Bi. Mwanamina, asante kwa dansi tisa, na kwa sakafu pia. Programu za nyuma hatuwezi kuzichapa upya, lakini barua hii ya tatu ina muhuri na sahihi. Iweke pakavu, mto wenu wa Mbuchi tunaujua kwa mafuriko. Atakayekuuliza ulikuwa nani hapa Kibiti, mpe aisome mwenyewe. Uishi salama na uzee wenye raha, mtunzi wetu.

Shedrack Zefania, fundi taa