Fundi Kola, Aliyebishana na Saa ya Hospitali

Marehemu, ambaye nusu ya mji walimjua kama Fundi Kola, alizaliwa tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa pili na wa mwisho wa mwalimu wa hesabu na mkunga. Mama alipombusu kipaji cha uso alionja chumvi, akashtuka. Baadaye daktari alitaja ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito na kuziba mapafu, akasema mtoto hatafika miaka kumi. Siku alipotimiza kumi, marehemu aliomba apelekwe kwa daktari huyo huyo. Alimpa shikamoo, akageuka, wakarudi nyumbani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1995 hadi 2001, kisha sekondari hadi 2005. Kikohozi kilipozidi alitolewa nje ya darasa, naye akaendelea kujibu maswali kupitia dirishani, tena kwa sauti kubwa. Mwaka 2007 alifungua duka la ushonaji, chumba kimoja chenye cherehani ya kukanyaga, kwa sababu umeme ulikatika ovyo na yeye hakuwa mtu wa kusubiri.

Mumewe wa baadaye, fundi redio, alileta suruali ipunguzwe urefu. Akairudisha ipunguzwe tena, na tena.

"Kaka, ukija mara ya nne utaondoka na kaptula," alimwambia. "Sema shida yako."

Akaisema. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 2011, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2019 hospitali iliteua wagonjwa kumi na mmoja wajaribu vidonge vipya. Kifaa kidogo kilibandikwa kifuani kuhesabu kikohozi, na saa ikafungwa mkononi kupima shughuli za kutwa, wiki mbili kabla ya dawa na wiki mbili baada ya kuianza. Kikohozi cha marehemu kilishuka kutoka mara 412 kwa siku hadi 97. Lakini saa ilidai hakuna kilichobadilika, mama huyu amekaa tu. Majibu ya wenzake nayo yalikuwa nusunusu, na taarifa hiyo ndiyo ingeamua kama wote wataendelea kupewa vidonge.

"Nimekaa tu?" aliuliza. "Daktari, njoo dukani."

Daktari alikuja, akavaa saa, akakanyaga cherehani mpaka shati likalowa jasho. Mikono ilikuwa imetulia juu ya kitambaa, na saa haikuhesabu kitu. Akakiri kuwa ilipaswa kufungwa mguuni. Tatizo ni kwamba kipimo cha kabla ya dawa nacho kilikuwa cha mkononi. Ili kulinganisha kwa haki, marehemu angelazimika kuacha vidonge wiki mbili, na daktari alimwonya juu ya hatari yake.

"Mke wangu, achana na makaratasi yao," mumewe alimsihi. "Umepata nafuu, inatosha."

"Nikiachana nayo wataandika dawa haisaidii, tunyang'anywe sote. Nifungie hiyo saa mguuni."

Kikohozi kilirudi, na damu kidogo. Kaka yake, anayesoma wasifu huu, alikasirika akamnunia siku tatu. Leo anamwomba radhi mbele yenu. Bila dawa, saa ilihesabu mikanyago 2,300 kwa siku. Alipovirudia vidonge ilifika 9,100, na wote kumi na mmoja wakaendelea kuvipata.

Hata hivyo mapafu yake yalikuwa yameharibika kabla dawa haijafika. Alilazwa mwezi Mei, akaaga dunia tarehe 9 Juni 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 35, mumewe na mama wakiwa kando ya kitanda. Wiki moja kabla alimwambia kaka yake, "Usije ukaniandikia kwamba ugonjwa ulinishinda. Nitakuumbua." Kwa hiyo hilo halijaandikwa, na wala si kweli.

Ameacha mume, binti wa miaka tisa, mama, kaka, na wagonjwa wenzake kumi, ambao asubuhi ya leo wote wamemeza vidonge vyao.

Apumzike kwa amani, kama atakubali.