Rogathe na Wimbo wa Dorkas

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bibi Rogathe wa Mamba, milimani Upare, aliyezikwa juzi. Turudi zama za Mwingereza, miaka ya hamsini. Rogathe alikuwa mke wa Zebedayo, mkulima wa kahawa. Na alikuwa na wivu. Wivu hasa.

Ulianzia usoni mwa mumewe. Zebedayo aliacha kutabasamu. Rogathe akivaa kanga mpya, uso ule ule. Sauti ya Zebedayo ikafifia. Mkono wa kulia ukawa unatetemeka akiwa ametulia tu. Alitembea akiburuta miguu, na mlangoni pa nyumba yao miguu iligoma kabisa. Rogathe akajiambia: huyu hataki kuingia kwangu.

Jumapili moja akamwona akitoka kanisani na Dorkas, mjane aliyeongoza kwaya. Dorkas alikuwa akiimba na kupiga makofi. Na Zebedayo, wasikilizaji, alitembea. Alivuka mlango bila kusita. Rogathe akawaka. Kwangu anaganda, kwa mjane anatembea! Wiki nzima hakumsemesha. Alimwekea chakula, akaondoka, ingawa aliona maharage yakimwagika kijikoni.

Elirehema, kaka yake Zebedayo, alipompeleka Same kwa daktari, Rogathe alifuata ili asikie mwenyewe. Daktari akaeleza: ni ugonjwa wa Parkinson. Sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo inachakaa, chanzo hakijulikani. Hata misuli ya uso hukakamaa. Mdundo wa wimbo huweza kuiamsha miguu iliyoganda. Dawa ya wakati ule ilipunguza mtetemeko kidogo tu. Za leo ni bora zaidi, na mazoezi husaidia, lakini bado haziponyi.

"Kwa hiyo hajanichoka?" Rogathe akauliza.

Zebedayo akajibu, sauti ndogo, uso vilevile: "Nakuchekea kila siku, mama Priska. Uso ndio haunisikii."

Rogathe akaenda kwa Dorkas, akajifunza ule wimbo, akashukuru, akamwomba asimwimbie tena mumewe. Miaka yote iliyobaki alimtangulia Zebedayo mlangoni, akiimba na kupiga makofi.

Binti yao Priska anasema, "Mama hakujua kuimba. Majirani walicheka. Lakini Dorkas alipojitolea kusaidia, Mama alimwambia, 'Huyu ni wangu. Nitamwimbia vibaya mwenyewe.'"

Poleni sana Priska na ukoo wote. Nawe unayesikiliza, kama nyumbani kuna mtu uso wake umenyamaza, usimhukumu. Mpeleke hospitali. Na umuulize, kisha usogee karibu, maana huenda anajibu kwa sauti ndogo.