Siku Tano za Kyengo kwenye Tanuri
Maneno ya Cucu (nyanya) Ngendo wa jikoni, yameandikwa na Ciku wa ofisi

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Kyengo anavua ovaroli baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu hapa Thika. Aliingia 1992 akifagia, anatoka akiwa mkuu wa tanuri. Niseme wazi: mimi sijafurahi.

Kazi yake ni kupika chuma kilichochanganywa na alumini. Siku moja nikimmiminia chai alinieleza kwa trei ya mayai. Ndani ya chuma hicho chembe zimekaa kwa mistari kama mayai, na moto mkali huzing'oa nyingine, zikaacha mapengo. Ukikipoesha ghafla, mapengo yanabaki humo, na chuma kinakuwa kigumu kupita kiasi, hata kinavunjika. Ukikirudisha kwenye moto mdogo siku tano, mapengo yanatoka polepole, nacho kinalainika kiasi cha kukerezwa. Nikamwambia trei yangu mayai yakipungua hulegea, haiwi ngumu. Akacheka, akasema ndiyo maana niliwekwa kwa chai.

Siku hizo tano hakumruhusu mtu kuzigusa. Vijana wakamwita Yaya, eti analea tanuri. Akawajibu kwamba mtoto wake halii ovyo kama wao.

Miaka sita iliyopita, Kyengo akiwa mazishini kwao Yatta, mteja wa Ruiru alishikwa na haraka. Boaz, meneja wetu, akaamuru vipuri vitolewe siku ya pili. Mashine ya kupima ugumu ikatoa namba kubwa ajabu, tukapiga makofi, nami nikakaanga mandazi. Kumbe tulikuwa tunashangilia kasoro! Kule Ruiru vilipasuka vyote kwenye mashine ya kukereza, na barua ya onyo ikaandikwa kwa jina la Kyengo, kwa sababu tanuri ni lake.

Hakubisha. Mimi nilikuwepo tanuri likifunguliwa, lakini barua ilipokuja nikanyamaza. Wengine kumi na mmoja pia walinyamaza. Hilo linaniuma kuliko kuondoka kwake.

Boaz, barua hiyo bado iko kwenye faili. Mutheu, mke wa Kyengo, aliisoma, na Ijumaa atakaa mbele kwenye sherehe ya kumuaga mumewe. Kabla ya keki, simama useme nani aliamuru tanuri lifunguliwe. Usiposema, nitasema mimi.

Kyengo mwanangu, asante, na utusamehe. Uishi vizuri huko Yatta, ukiwa na jina safi.