Fundi Upindo na Kitindamimba wa Shaba

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenichagua mimi, mjukuu niliyeikimbia shule kidato cha pili, niwasomee maisha ya babu, na haikukosea, maana sauti ninayo, na suruali hii nimeishona mwenyewe, itazameni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake, akamaliza shule ya msingi mwaka 1957, kisha akakalishwa kwenye cherehani, na hakuinuka hapo hadi mwaka jana.

Mwaka 1968 alifunga ndoa na bibi, ambaye ametangulia, wakajaliwa watoto watatu, yaani mama mkubwa, mama yangu, na kitindamimba, sanamu ya shaba ya mungu Krishna akiwa mtoto mchanga anayetambaa, inayoenea kiganjani. Bibi alikuwa akimwambia, we mzee, huyo unampenda kuliko sisi kwa kuwa hajawahi kukuomba viatu.

Wapo wanaompenda Mungu kama bwana wao, wapo wanaompenda kama rafiki, babu alimpenda kama mtoto wa kulea, mapenzi ambayo katika imani yetu ya Kihindu huitwa bhakti, yasiyodai malipo, basi kila asubuhi alimwamsha, akamwogesha, akamvika na kumlisha kabla yeye hajagusa chai, na kila akimshonea shati alimpima upya kwa utepe, akaacha upindo mpana chini, ili likiwa fupi lifumuliwe. Wateja wakacheka, fundi, shaba nayo inakua? Akawajibu, pini zikiwa mdomoni, wewe fundi wako hakukuachia upindo, ndiyo maana vifundo vya miguu viko nje. Mwalimu mmoja wa dini alipomweleza kwamba Mungu hana umbo wala hahitaji nguo, babu alikubali kabisa, akasema, yeye hahitaji, mwenye haja ya kushona ni mimi.

Novemba mwaka jana kiharusi kiliuchukua mkono wake wa kulia, akalazwa, na kila tulipomtembelea hakuuliza habari za dawa, aliuliza, mtoto amekula? Mama mkubwa alitaka mtoto apelekwe hekaluni, kwa kuwa nyumbani nimebaki mimi, akasema, huyu kijana kuamka mwenyewe hawezi, ataweza kumwamsha mtoto? Nilibisha kwa kelele wodi nzima ikasikia, babu akaitazama mikono yangu tu. Nikaenda nikashona shati la mtoto, nikamletea, naye hakuijali kola niliyojivunia, aliligeuza, akapapasa chini kwa mkono wa kushoto mpaka akaupata upindo, akanirudishia, akasema, mvike.

Alifariki tarehe 2 Februari, mchana, akiwa ametulia.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi walioruhusu shati la ukubwa wa kiganja liingie wodini bila maswali, majirani kwa viti na machozi, mafundi wenzake waliozima cherehani leo, na mama mkubwa, aliyekubali mtoto abaki nami, ingawa bado ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Babu, pumzika kwa amani, leo nimemtangulia jogoo, mtoto ameoga, amekula, na upindo nimemwachia.