Mama Masikio, Mhadhiri wa Mafundi Bati

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mhadhiri wa chuo kikuu aliyetutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mlangoni pa ofisi yake palikuwa na jina refu lenye vyeo. Mafundi bati walimwita Mama Masikio, na hilo ndilo alilolipenda.

Alikuwa binti wa fundi bati. Baba yake aligonga nyundo miaka thelathini, masikio yakamwisha taratibu. Nyumbani kwao watu waliongea kwa kupayuka. "Majirani walidhani tunagombana kila siku," anasema kaka yake mkubwa. "Kumbe tunaombana chumvi."

Basi binti akasoma. Akasomea mambo ya usikivu, akawa mhadhiri. Utafiti wake wa kwanza ulimpeleka mtaa wa mafundi, mtaa wa ndoo, majiko na masanduku, ambako nyundo hazipoi tangu asubuhi. Akapima masikio ya mafundi arobaini. Thelathini na mmoja walikuwa wameharibika masikio. Narudia, wasikilizaji: thelathini na mmoja kati ya arobaini. Akaandika ripoti. Ikasifiwa. Ikawekwa kabatini.

Mwaka ukapita. Siku moja akaenda kununua ndoo. Fundi mmoja mzee, aliyekuwa miongoni mwa wale arobaini, akamtambua.

"Wewe si ndiye uliyenivika madude masikioni?"

"Ndimi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa majibu yangu yako wapi? Mlipima, mkaandika, mkapotea. Hata daktari wa mbuzi humwambia mwenye mbuzi!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Binti yake anasema siku ile mama alirudi bila ndoo, akakaa kitandani na viatu miguuni. "Aliniambia, mwanangu, nimepandia cheo migongoni mwa watu."

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi arobaini. Kila fundi na yake, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Akamsomea kila mmoja kwa sauti ile ya nyumbani kwao. Kisha akaleta viziba masikio. Mafundi wakavivaa siku mbili, wakavitupa. Akaja juu kweli kweli! Yule mzee wa ndoo akampa kigoda.

"Mama, kaa. Bati linasema. Likitaka kuchanika, mlio wake unabadilika. Ukiniziba masikio naharibu kazi. Wewe umekuja kutupima tu, hujatusikiliza."

Akakaa. Alikaa kwenye kile kigoda mwezi mzima. Akagundua kwamba kelele nyingi haikutoka kwenye bati. Ilitoka chini, kwenye fuawe, kile chuma cha kugongea, kilichosimama juu ya saruji tupu. Wakajaribu kuweka mbao chini yake, zikapasuka. Wakajaribu magunia, yakaoza. Mwishowe mzee akaleta tairi kuukuu, wakalijaza mchanga, wakasimamisha fuawe juu yake. Mhadhiri akawasha kipimo chake. Kelele ilikuwa imeshuka sana, na mzee bado alilisikia bati lake.

Mtasema mambo yakaisha hapo. Hayakuisha. Kueneza matairi karakana hadi karakana kulichukua miaka sita. Huyu mwenye karakana anabisha, yule anasema njoo kesho. Chuoni nako mkuu wa idara alimwambia wazi: "Dada, kazi ya mtaani haihesabiwi. Andika makala ili upande cheo." Hakuandika za kutosha, hakupanda. Wanafunzi wake wakampita, wakawa maprofesa.

Tusimpambe kwa uongo. Alichoka, na alilalamika. "Mafundi wanabisha, chuo kinanuna, miguu inavimba," alimwambia binti yake jikoni. "Nikiacha je?"

"Acha, mama."

"Halafu aende nani?"

Kesho yake mama akaenda.

Mwezi uliopita figo zilimlaza hospitalini. Wanafunzi wake wakapima mafundi ishirini na wawili walioanza kazi baada ya matairi kuingia mtaani. Binti akamsomea majibu kitandani. "Mama, kumi na tisa wanasikia vizuri! Kumi na tisa!"

Alifumba macho. Kisha akauliza, "Na wale watatu wanafanya kazi karakana gani?"

Binti hakujua. Mama akamwomba aulize. Ilikuwa karakana ya mwisho mtaani, ambayo mwenye nayo amekataa matairi mpaka leo. "Basi," akasema, "huko bado." Hayo ni kati ya maneno yake ya mwisho.

Kwa kaka yake, kwa binti yake na kwa mafundi wote, poleni. Poleni sana. Mungu awape subira na ampumzishe, maana alihitaji kupumzika.

Nanyi wasikilizaji wapendwa mlioko vyuoni, fungueni makabati yenu. Tazameni ni nani aliyewapa damu yake, shamba lake au masikio yake, na bado anangoja kuambiwa. Chuo cha Mama Masikio hakijamteua mtu wa kwenda mtaani badala yake. Tuliuliza jana, tukajibiwa suala linashughulikiwa. Wale mafundi watatu wako kazini tangu saa moja asubuhi.