Kiboko wa Lweba na Kitunga cha Kikanda

Boti lilikwisha kuuacha ufuko wa Baraka, abiria bado wakigombania mahali pa kukaa, Mama Anastasie alipomsikia mvuvi wa kando yake, Waziri, akiapa kumuua kiboko aliyempasulia nyavu.

"Papa, umuachilie. Pale Lweba alibakia yeye tu."

"Mama, huruma yako itashona nyavu? Na mu kitunga yako muko nini?"

"Kikanda. Kesho Solange wangu anaolewa. Bakwe batakula nini?"

Kikanda ni viazi vya ua la mbugani, hupondwa pamoja na karanga, na harusi isiyo nacho wakwe huisema miaka. Zamani alivichimba nyuma ya nyumba. Safari hii alikwenda hadi milima ya Kilembwe.

Waziri, bila kukaribishwa, alitia mkono kitungani. "Mama! Hata batoto umebaleta? Si banabarudishaka mu udongo?"

Ndiyo desturi: kikubwa unachukua, kichanga unakifukia. Anastasie aliijua tangu utoto. Lakini kitunga kilikataa kujaa.

"Ua haipasulake nyavu ya muntu," alijibu.

"Ni kweli. Kiboko iko na meno ya kujitetea. Hii ua yako inajitetea na nini?"

Boti zima lilicheka. Anastasie alikifunika kitunga kwa kitenge, na hapo wakagota mchanga wa Lweba.

Solange aliolewa, wakwe wakala wakalamba vidole. Waziri alishona nyavu. Kiboko yuko palepale, mnene. Kule Kilembwe, alipochimba Mama Anastasie, msimu uliofuata hapakuchanua kitu.