Pipa Lililoita Ng'ambo ya Mto

Tulimzika Verdiane, mke wangu, saa tisa, bila mama yake kuwepo. Kisha wanaume watatu walinirudisha kijiweni petu, kando ya barabara ya Walikale, wakanipa kahawa. Ilikuwa mwaka 1956. Kiti chetu pale kilikuwa mzinga wa ngoma ya zamani ya misheni, mti wa mvule uliopasuka kiangazi. Ngoma mpya ilikuwa pipa la mafuta kutoka mgodini, lililowambwa ngozi ya swala. Tangu alfajiri ilipigwa mapigo ya msiba, yaleyale ya siku zote, ili Mama Nyirabagenzi aje kutoka ng'ambo ya mto kumwona mwanawe kabla ya kufunikwa. Hakuja.

Hubert, tuliyemwita Kapita kwa kuwa aliwahi kusimamia wachimbaji, ndiye aliyelileta pipa. Émile Misumari ni seremala. Paul Sakristani, mtunza kanisa la misheni, ndiye aliyelipiga.

— Nilisema mimi, Misumari alianza. Chuma haina tumbo. Muti ulikunywaka mvula miaka mingi, njo maana sauti yake inalala chini, inatembea polepole mpaka mu nyumba za watu.

— Inatembea na miguu gani, kaka? Kapita aliuliza. Pipa inalia kupita muti. Ku mugodi tuliipigaka asubui, wafanyakazi wanaisikia mpaka Itebero!

— Sasa mama wa marehemu iko wapi?

Misumari alimkodolea Kapita macho.

— Muache, Sakristani alisema, akitazama viganja vyake vilivyovimba. Nilipiga mapigo yote. Labda sauti ya chuma ikifika ku mayi ya muto inapata kutu.

— Kutu! Kapita alisema. We uko na homa.

— Basi eleza wewe.

— Ile ngozi njo mubaya. Swala ni nyama ya woga. Sauti yake ikiona pori, inakimbia, inarudi huku.

— Swala alikufa, Kapita. Anaogopa nini tena?

Misumari alicheka kidogo, akaniona, akaacha.

— Kesho nitachonga ingine, alisema. Mvule iko kule kwa kilima.

— Muti utapasuka tena, Kapita alisema. Tufanye ya udongo, kama chungu. Udongo inalia muzuri, tena udongo…

Akatazama miguu yake. Udongo ulikuwa bado kwenye viatu vyetu.

— Papa, kunywa, Misumari aliniambia. Kahawa inapoa.

Nilikishika kikombe. Ndipo Mama Nyirabagenzi alipotokea kwenye kona, kitunga mgongoni, akitembea bila haraka. Tulisimama sote.

— Jambo yenu, ba Papa. Leo mugodi iko na kazi gani ya ajabu? Tangu asubui nasikia pipa inaita watu, haichoki. Nikasema, wachimbaji watajaza njia, ngoja nimupikie mutoto wangu mugonjwa ndizi kwanza.

Sakristani aliificha mikono yake mgongoni. Mama akatua kitunga, akagusa majani ya mgomba yaliyofunika chakula.

— Ziko moto bado. Mukwe, Verdiane amelala, ao anaweza kukaa akule?

Kapita alitazama barabara. Misumari alichukua birika, akamimina kahawa kwenye kikombe changu, kilichokuwa bado kimejaa.